Mkaguzi Akichelewa, Nani Hulipa?



Neno “mkaguzi” likitajwa kijijini, watu hufanya nini? Karani huanza kutafuta daftari ambayo jana alijua iko wapi. Mweka hazina hukumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumwangalia ng’ambo ya mto. Wanakamati hutazamana. Na sisi wengine, wakulima na akina mama wa sokoni, husema, “Hayo ni mambo ya wakubwa, waache wakaguane,” kisha hurudi shambani kwetu tukiwa na moyo mweupe.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo hili, kwa maana si mambo ya wakubwa peke yao. Mkaguzi wa hesabu asipokuja kwa wakati, mara nyingi anayelipa si yule aliyevuruga daftari. Anayelipa ni mtu mdogo aliyepokea fedha kwa mkono mweupe, akala, akasahau.

Nitakupa mfano wa mbali sana, wa jeshi la jimbo la California katika nchi ya Marekani. Mfano wa mbali una faida yake: hakuna jirani atakayesema kwamba nimemlenga yeye.

Kwanza yafaa tujue jeshi lenyewe. Huko Marekani, mbali na jeshi kubwa la taifa, kila jimbo lina jeshi lake liitwalo Walinzi wa Taifa. Wengi katika hao si askari wa kukaa kambini siku zote. Ni watu wenye kazi zao: mwalimu, fundi wa magari, dereva, mwuguzi. Kwa desturi hufanya mazoezi siku mbili katika kila mwezi, na majuma mawili katika mwaka. Moto ukishika misitu, au mto ukifurika, au nchi ikitetemeka, gavana wa jimbo huwaita waje kuokoa watu. Lakini vita ikitokea, Rais wa nchi naye aweza kuwaita, wakavaa magwanda na kupelekwa ng’ambo ya bahari.

Basi unaona kwamba jeshi hili lina mabwana wawili, gavana na Rais. Fedha zake nazo hutoka katika mifuko miwili, wa jimbo na wa serikali ya taifa iliyo katika mji wa Washington. Sehemu kubwa hutoka Washington, lakini watu wanaoandika orodha, wanaopokea maombi na wanaoidhinisha malipo wako jimboni. Mkuu wa idara ya kijeshi ya California huteuliwa na gavana. Pia serikali ya taifa huweka katika kila jimbo afisa wake wa kuangalia mali na fedha zake.

Labda utasema, “Mbona mpango huu ni mzuri? Macho mengi.” Naam, ni macho mengi. Lakini wewe na mimi tumekwisha kuona ng’ombe wa ndugu wawili akilala na njaa, kila mmoja akidhani mwenziwe amekata majani. Fedha ya mmoja ikiwa katika mkono wa mwingine, hapana budi daftari iwe safi kuliko kawaida, na mwenye kuikagua aje mapema kuliko kawaida.

Sasa niseme kazi ya mkaguzi ni nini, maana watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kuhesabu noti na kumfunga mwizi. Mkaguzi mwema huuliza maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: fedha ziko wapi? Ziliingia ngapi, zikatoka ngapi, stakabadhi ziko wapi, na salio lipo? Hilo ndilo swali tulilolizoea. Swali la pili ni gumu zaidi: fedha hizo zilifanya kazi ile zilizotumwa kufanya? Zilimfikia mtu yule aliyetajwa katika masharti, kwa sababu ile iliyotajwa?

Haya maswali mawili si kitu kimoja. Nitakuonyesha. Tangu mwaka 1993 Walinzi wa Taifa wamekuwa na mpango wa kusaidia vijana wa miaka 16 hadi 18 walioacha shule. Kijana hukaa kambini majuma 22, akifundishwa masomo na adabu ya kazi, kisha hufuatwa kwa mwaka mzima na mtu mzima aliyekubali kumwongoza. Washington hulipa senti 75 katika kila dola ya mpango huo, na jimbo hulipa senti 25. Mkaguzi akienda katika kambi ya namna hiyo, aweza kukuta stakabadhi zote za vyakula na mablanketi zimepangwa vizuri, bila senti moja kupungua. Hata hivyo bado aweza kuandika kwamba kuna kosa, kama hakuna karatasi inayoonyesha kwamba vijana walifuatwa baada ya kutoka. Fedha zimeonekana, lakini kazi haikuonekana. Huo nao ni ukaguzi.

Tukumbuke maswali hayo mawili, kwa maana ndiyo yanayofungua habari ya California.

Mwaka 2001 Marekani iliingia vitani katika nchi ya Afghanistan, na mwaka 2003 ikaingia Iraq. Vita vile havikuisha upesi kama wengi walivyodhani. Askari walikwenda, wakarudi, wakaitwa tena. Mtu mwenye mke na watoto na kazi yake nyumbani, akisha kwenda mara moja au mbili, huanza kuhesabu miaka iliyobaki katika mkataba wake. Basi serikali ikaona kwamba askari watapungua wakati wanapohitajiwa. Ikatoa fedha za kuwashawishi wabaki. Askari aliyekubali kutia sahihi tena, kwa kawaida kwa miaka sita, aliahidiwa bonasi ya dola 15,000 au zaidi, kwa mkupuo mmoja. Wengine waliahidiwa pia kulipiwa mikopo waliyokopa kwa ajili ya masomo.

Lakini bonasi ile ilikuwa na masharti. Haikuwa ya kila askari. Ilikuwa kwa wale waliofanya kazi zilizopungukiwa sana na watu, kama kazi ya upelelezi, na kwa masajini waliohitajiwa katika vikosi vilivyokuwa karibu kwenda vitani. Asiye katika orodha hiyo hakustahili, hata kama ni shujaa.

Katika California maafisa walihimizwa watimize idadi ya askari. Wewe unajua mtu anayehimizwa idadi jinsi anavyofanya. Mwalimu akiambiwa alete watoto mia shuleni, na wako themanini tu, macho yake huanza kuona ishirini wasiokuwapo. Ndivyo ilivyokuwa kule. Fedha ziliidhinishwa kwa maelfu ya watu. Wengine hawakustahili hata kidogo. Wengine labda walistahili, lakini karatasi zao zilikuwa na makosa au pengo.

Tazama vizuri hapa, ndugu msomaji. Wengi sana katika waliopokea hawakuwa majina ya bure yaliyoandikwa ili mtu ajaze mfuko wake. Askari alikuwapo kweli. Alikaa mezani mbele ya mkubwa wake, akaonyeshwa mkataba, akaambiwa “tia sahihi hapa,” akatia. Kisha akaitimiza sehemu yake. Wapo waliokwenda Iraq au Afghanistan kwa mkataba ule ule, na wapo waliorudi na majeraha. Kwa watu hao, swali la kwanza la mkaguzi, “fedha ziko wapi?” lingejibiwa kwa dakika moja: zimepokelewa na fulani, sahihi yake hii hapa. Swali la pili ndilo lililokosa jibu.

Mwaka 2010 mambo yakafichuka. Ikagunduliwa kwamba maelfu ya malipo hayakufuata masharti. Sajini mkuu mmoja, ambaye ndiye aliyesimamia fedha hizo za bonasi jimboni, alikiri mahakamani mwaka 2011 kwamba alipeleka madai ya uongo ya dola milioni 15.2. Alihukumiwa kifungo cha miezi 30. Maafisa watatu nao walikiri udanganyifu. Wakarudisha fedha, wakaachwa nje chini ya uangalizi.

Kama habari ingekomea hapo, nisingekuandikia. Tungesema, “Mwizi amekamatwa, haki imetendeka,” tukafunga gazeti. Lakini bado kulikuwa na daftari.

Jeshi la California liliweka wakaguzi 42 wapekue karatasi za askari 14,000, moja moja. Kazi ile ilichukua miaka, ikaisha mwezi wa Septemba 2016. Askari 9,700 hivi, walio kazini na waliokwisha kustaafu, waliambiwa warudishe bonasi zao, zote au sehemu. Wakati habari ilipoenea, zaidi ya dola milioni 22 zilikuwa zimekwisha kukusanywa kutoka kwao.

Fikiri juu ya barua hiyo inapofika nyumbani. Umetoka vitani siku nyingi. Umeoa, una watoto, unafanya kazi yako. Miaka kumi imepita tangu ulipopokea fedha. Ziko wapi? Zimekwisha kuwa nyumba, zimekuwa ada, zimekuwa matibabu. Hazimo katika sanduku zikingoja kuitwa. Na barua yasema: ulipewa isivyo halali, rudisha. Aliyekataa aliweza kutozwa riba, kukatwa mshahara, na mali yake kuwekewa zuio la kodi. Askari mmoja aliyejeruhiwa Iraq ilimlazimu kuweka nyumba yake rehani upya ili alipe.

Wakubwa wa jeshi la California walipoulizwa, walisema kwamba wao wangependa kuwasamehe askari, lakini hawana uwezo. Fedha ni za serikali ya taifa, na kufuta deni kungekuwa kuvunja sheria. Unaona sasa ng’ombe wa ndugu wawili? Wakati wa kutoa fedha, mkono wa jimbo ulikuwa mwepesi. Wakati wa kusamehe, jimbo likasema fedha si zake.

Hapa nitakuambia habari ndogo ya kwetu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisome habari ya California mara mbili.

Mimi nilishika daftari za ghala la chama kimoja cha wakulima kwa miaka mingi, mpaka macho yakaanza kuchoka. Nilipokwisha kuacha kazi, kamati ya chama kingine, ambacho sitakitaja, iliniita nikawasaidie kusoma vitabu vyao vya zamani. Nikaenda. Nilichokikuta ni hiki: kwa misimu mitatu karani wa kupimia kahawa alikuwa ameandika daraja la kwanza mahali pa daraja la pili. Hakuiba. Mwenyekiti wa wakati ule alikuwa ameogopa kwamba wanachama watauza kwa wachuuzi wanaopita usiku, basi akamwambia karani asiwe mkali katika kupima. Wanachama wakalipwa vizuri, wakabaki chamani, idadi ikatimia. Mkaguzi alikuja mwaka wa tano baada ya hapo. Akaandika yale aliyoyaona: chama kimelipa zaidi ya haki, fedha zirudi. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kumaliza muda wake na kuhamia mjini. Karani naye alikuwa hayupo. Waliobaki ni wakulima. Chama kikaanza kuwakata.

Siku moja mjane mmoja alikuja na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi zake zote, tangu msimu wa kwanza, zimekunjwa na kufungwa kwa uzi. Akazitandaza mezani. Akaniambia, “Baba, mimi sijui kusoma. Kahawa niliileta mimi, lakini sikuipima mimi. Aliyepima ni karani, aliyeandika ni karani, na aliyelipa ni chama. Leo naambiwa nimekula fedha za watu. Nilimwibia nani, na saa ngapi?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa na daftari mbele yangu, na daftari ilikuwa imeandikwa vizuri: jina lake, kilo zake, deni lake. Kwa hesabu, mkaguzi alikuwa sawa. Kwa haki, mjane naye alikuwa sawa. Nilichoweza kufanya ni kumwomba anipe kopo lile. Nikalipeleka katika mkutano, nikazisoma stakabadhi moja moja mbele ya wanachama, kila moja ina muhuri wa chama chenyewe. Mkutano ukaamua makato yakome. Lakini yale aliyokwisha kukatwa katika misimu miwili hakurudishiwa. Chama kilisema hakina fedha. Katika misimu hiyo miwili mtoto wake wa kike alikuwa ameacha masomo, na hakurudi tena shuleni.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mimi sipingi. Lakini kabla ya kunywa dawa, yafaa tuulize ni nani mgonjwa.

Najua wapo watakaosema, “Fedha za umma ni fedha za umma. Aliyepokea isivyo haki na arudishe, awe tajiri au maskini, ama sivyo kila mtu atasema hakujua.” Neno hilo lina uzito, nami nimelifikiri. Mwenye duka akikupa chenji ya noti kubwa mahali pa ndogo, nawe ukaona, ukanyamaza, ukatoka upesi, hilo ni deni lako, hata kama yeye ndiye aliyekosea. Fedha zile za bonasi zilitoka katika kodi za watu. Nao wana haki ya kuuliza. Na bila shaka katika maelfu yale walikuwapo waliojua kwamba hawastahili, wakanyamaza.

Lakini je, aliyejua na asiyejua ni mamoja? Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Na nafurahi kusema kwamba Wamarekani wenyewe, walipokwisha kuona aibu, waliliona hilo.

Tarehe 22 Oktoba 2016 gazeti la Los Angeles Times liliandika habari ya askari hao. Watu wakakasirika nchi nzima. Siku nne baadaye, tarehe 26 Oktoba, Waziri wa Ulinzi Ash Carter aliamuru madai yasimamishwe mpaka utaratibu mpya uwekwe. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule sheria ikapitishwa na Bunge lao na kutiwa sahihi na Rais Barack Obama. Sheria ile ilitaka kila shauri litazamwe upya kwa kipimo kimoja: je, askari huyu alijua, au ilimpasa kujua, kwamba hakustahili? Kama hakujua na hakuwa na njia ya kujua, deni lifutwe, na aliyekwisha kulipa arudishiwe. Na si juu ya askari kuonyesha kwamba hana hatia; mwenye kudai ndiye aonyeshe.

Kipimo hicho ni kizuri, nami nakisifu. Angalia lakini kilikuja lini. Kosa lilifichuka mwaka 2010. Msamaha ulikuja mwishoni mwa mwaka 2016. Katikati ya hapo watu waliweka nyumba rehani, wakakata rufani mmoja mmoja kwa barua, wakatafuta karatasi ambazo ofisi yenyewe ilipaswa kuwa nazo. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Basi kosa la kwanza lilikuwa la nani? La sajini mkuu yule, naam, na la maafisa waliodanganya. Lakini mimi, kama mtu aliyeshika daftari, naona kosa jingine ambalo halikufungwa miezi 30. Ni kosa la kuacha misimu ipite bila mtu kufungua kitabu. Kama mtu mmoja mwenye macho angechukua malipo ishirini ya kwanza, akayalinganisha na masharti, angeona siku ile ile kwamba mambo hayaendi sawa. Askari hao ishirini wangeambiwa mapema, fedha zikiwa bado mkononi. Wa ishirini na moja asingeahidiwa kitu kisicho chake. Labda angetia sahihi hata hivyo kwa kuipenda nchi yake. Labda angerudi nyumbani kwa mkewe. Lakini angechagua akijua. Kazi ya mtu mmoja ya majuma machache haikufanyika. Baadaye ilihitaji wakaguzi 42 na miaka mingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na katika habari hii ukuta ulijengwa kwa matofali yaliyotolewa katika nyumba za askari.

Kwa hiyo usimwogope mkaguzi, ndugu msomaji. Mwogope yule anayechelewa. Anayekuja kila mwaka ni rafiki wa mjane. Humkuta karani akiwa bado na kalamu mkononi, na mwenyekiti akiwa bado katika kiti, na kosa likiwa bado dogo, la kufutika. Anayekuja baada ya miaka mitano huwakuta wakubwa wamekwisha kuondoka, akawakuta wadogo.

Na sisi wadogo, tufanye nini? Hatuwezi kukagua jeshi la California. Lakini kila mmoja wetu yumo katika mfuko fulani: chama cha wakulima, kikundi cha kukopeshana, kamati ya maji, kamati ya shule, jumuiya. Nina maneno matatu.

La kwanza, weka karatasi yako. Ukipewa fedha, mbegu, mbolea au mbuzi wa mradi, dai stakabadhi, hata kama hujui kusoma. Yupo mtoto atakayekusomea. Kama malipo huja kwa simu, usifute ujumbe mpaka umeunakili katika daftari ya nyumbani. Yule mjane hakuokolewa na maneno yangu mengi. Aliokolewa na kopo lake.

La pili, uliza masharti kabla ya kutia sahihi au kubonyeza dole gumba. Usiridhike kusikia “mmepata bahati, pokeeni.” Uliza: fedha hizi ni za nani? Zimetolewa kwa watu wa namna gani? Mimi nimo? Nikionekana simo, itakuwaje? Anayetoa kwa haki hatakasirika. Anayekasirika amekupa habari unayoitaka.

La tatu ni kwa ninyi mnaoshika daftari, wenzangu. Mkubwa akikuambia usiwe mkali, akakuhimiza idadi itimie, kumbuka kwamba kalamu ni yako na mwandiko ni wako. Mwambie kwa heshima akuandikie amri hiyo, nawe uitie katika jalada. Utashangaa jinsi amri nyingi zinavyokufa zinapotakiwa ziandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini mali yenye daftari ya uongo huja na habari mbaya mara mbili.

Msimu huu, mkikaa katika mkutano wa mapato na matumizi, na mweka hazina akimaliza kusoma, watu watapiga makofi kama kawaida na wengine wataanza kutafuta viatu vyao. Kabla hawajatoka, simama. Usimtuhumu mtu. Uliza kwa adabu, kwa sauti ya kusikika nyuma: “Vitabu hivi vilikaguliwa mwisho lini, na aliyevikagua aliandika nini?” Kisha kaa, uwatazame walio meza kuu. Wakitaja tarehe, shukuru. Wakitazamana, umekwisha kupata jibu, na kazi ya kikao kile bado haijaisha.